Mapigo Ishirini na Tisa

Tangu asubuhi ya Jumapili ile kiganja changu cha kulia kilikuwa kinatoka jasho. Nilikipangusa kwenye sketi, nikanawa kwa maji baridi, wapi. Mume wangu, Vénérand, alikuwa amekaa kitandani akifunga viatu vya kanisani, akinitazama kama mtu aliyekuta kuku sebuleni.

"Eish, Henriette, iko nini? Ni musiki ya Wahindi tu. Utakaa kwa kiti, watapiga, watamaliza, utarudi."

"Siyo kukaa tu."

"Donc, kumbe utaimba?"

"Sitaimba. Nyamaza, niko nahesabu."

Alicheka, kisha akaenda zake kanisani peke yake. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeapa kutomwambia mtu yeyote, na Vénérand ukimpa siri saa mbili, saa nne Warundi wote wa mtaa wetu wa Glenwood wanayo.

Siri yenyewe ni hii: Mzee Kistensamy alikuwa amekuwa kiziwi.

Si kiziwi kabisa. Nilikuwa na mwaka wa tatu nikimfulia na kumpikia nyumbani kwake Queensburgh, na jikoni tulielewana vizuri mradi nimtazame usoni. Lakini mbele ya vipaza sauti kila kitu kilimwingia masikioni kama mngurumo mmoja: mwimbaji, fidla, makofi, vyote uji. Na kazi yake kwa miaka arobaini ilikuwa kukaa mbele ya vipaza sauti. Alipiga mridangam, ile ngoma ndefu ya vichwa viwili inayolazwa mapajani, akiwasindikiza waimbaji wa nyimbo za kale za India Kusini kila walipokuja Durban. Kamati ya tamasha ingejua, ingempa mwingine nafasi siku hiyo hiyo. Hata kifaa cha sikio alikikataa, kwa kuwa kinaonekana.

Nilimwita Thatha, yaani babu, kama watoto wa mtaa wake walivyomwita.

Niliingia katika mambo yake bila kuomba. Mpiga ngoma wa namna ile hafanyi mazoezi peke yake. Lazima mtu akae mbele yake ashike hesabu kwa mkono, ili yeye awe huru kucheza kinyume nayo. Wanafunzi wake walikuwa wamepungua, mmoja kahamia Johannesburg, mwingine kaoa. Siku moja akaniita kutoka jikoni, mapovu ya sabuni yamenifika viwikoni, akasema, "Kaa." Nikakaa. Nyimbo nyingi ni za mapigo manane, na manane niliyashika kwa wiki moja. Nimezaliwa Gitega, ngoma si mgeni wangu.

Kisha ikaja habari kwamba Bi Vasumathi, mwimbaji kutoka Chennai, angeimba wimbo wa mapigo ishirini na tisa. Thatha mwenyewe alikuwa ameupiga mara mbili tu maishani. Hesabu yake ni tisa, mbili, tisa, tisa. Unapiga kofi pajani, halafu unagusa vidole kimoja kimoja ukianzia kile cha mwisho, mpaka tisa zitimie. Kofi, geuza kiganja juu: mbili. Kisha tisa, kisha tisa tena. Jaribu uone. Ukifika kumi na saba mtu akakuita jina, umekwisha.

"Huyu mama hufumba macho," Thatha aliniambia kwa uchungu, "na mkono anauficha chini ya pindo la sari. Anahesabu kama anaiba sukari. Nitamwona wapi?"

"Utawatazama watu ukumbini, Thatha. Si wazee wote huhesabu mapajani?"

"Nane wanaijua. Hii itawaangusha mmoja mmoja. Utabaki wewe." Akanyanyua kidole. "Na ukipotea, usinidanganye. Laza mkono. Mkono wa uongo ni mbaya kuliko kukosa mkono."

Sasa unaelewa lile jasho.

Ukumbi ulikuwa hapo hapo Glenwood, dakika kumi kwa miguu kutoka chumba chetu. Nilimkuta Thatha nyuma ya jukwaa akipaka ngoma yake uji mzito wa semolina upande wa kushoto, ili itoe sauti nene. Hakunisalimu. Aliutazama mkono wangu, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kupaka.

Niliketi safu ya mbele, kiti cha mwisho kulia, kama tulivyopatana. Sijatulia, mwenyekiti wa kamati, Bwana Thumbran, akanijia na tabasamu lake la mauzo.

"Mama, safu hii ni ya wageni wetu. Nyuma kuna viti vizuri sana."

"Mzee Kistensamy amesema nikae hapa."

"Naelewa, lakini…"

"Basi kama unaelewa, tumemaliza."

Akaniacha, amenuna. Moyo wangu ulikuwa unadunda hata nikaogopa utaniharibia hesabu. Mimi si mtu wa kuogopa, waulize madereva wa taxi wa Pinetown. Lakini siku ile niliogopa.

Saa ya kwanza ilikuwa ya nyimbo nyepesi, mapigo manane, na Thatha aliisoma mikono ya wazee kama mtu anayesoma gazeti. Hakuna aliyeshuku kitu. Kisha Bi Vasumathi akanywa maji, akatangaza ule wimbo mkubwa, na wazee wakajiweka sawa vitini kama watu wanaopandishwa mlima.

Tisa, mbili, tisa, tisa. Mzunguko wa kwanza mikono mingi ilikwenda pamoja. Wa tatu, mzee wa nyuma yangu aliguna akaacha. Wa sita, mama mmoja akacheka mwenyewe na kukunja mikono. Kufikia wa kumi, ukimtoa bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa akihesabu nane zake kwa ukaidi, nilibaki peke yangu. Macho ya Thatha yalinishika. Yalikuwa mazito, sijui niseme vipi, mkono wangu haukuwa wangu tena.

Mwimbaji akanyamaza, fidla ikanyamaza. Ilikuwa zamu ya ngoma peke yake.

Alianza polepole. Kisha akaingiza mafungu ya tano tano juu ya ile ishirini na tisa, na mafungu hayo hayalingani na chochote. Ukiyafuata kwa sikio, unapotea. Nami niliziba masikio ya moyo, nikashika vidole vyangu tu. Kofi, cha mwisho, cha pete, cha kati. Ukumbi ulitulia tuli. Nilimwona Thatha anatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua.

Hapo ndipo bibi aliyeketi kushoto kwangu, mzee sana, mwenye nywele nyeupe pee, aliponigeukia kwa huruma. Bila shaka aliona jasho langu. Akaninyooshea peremende.

"Chukua, mwanangu."

Kwetu mkubwa akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili. Anayepokea kwa mkono mmoja wanamuuliza kama hakulelewa na mama. Sikufikiri. Mikono yangu ilikwenda yenyewe, yote miwili, na kichwa kikainama kidogo, na nilipoinua uso nina peremende kiganjani, hesabu haikuwapo.

Kumi na nane? Ishirini? Thatha alikuwa ananitazama, mikono yake bado inaruka juu ya ngoma. Nilitaka sana kupiga kofi lolote, mahali popote, nijifanye sijapotea, nani angejua? Angejua yeye, pale atakapoufunga mchezo mahali pabaya mbele ya watu mia tatu. Nikalaza mkono.

Aliona. Mikono yake ikapunguza mwendo, ikabaki kugusa ngoma kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Akamtazama Bi Vasumathi: macho yamefumbwa, mkono chini ya sari. Akautazama ukumbi: mikono imekunjwa, na yule bwana wa tai na nane zake. Bwana Thumbran alikuwa amesogea mbele kitini. Nilisema kimoyomoyo, Mungu wangu, nichukue mimi.

Thatha akaacha kupiga.

"Mama, mkono!" alimwambia mwimbaji. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiojisikia, na kipaza sauti kikaipeleka mpaka mlangoni. "Niinulie mkono niuone. Sisikii. Masikio yangu yamekufa."

Bi Vasumathi alifumbua macho. Alimtazama mzee yule kitambo, kisha akautoa mkono chini ya pindo, akaunyanyua hadi bega, akaupiga pajani kwa nguvu. Kofi. Cha mwisho. Cha pete. Mzunguko mzima, mapigo ishirini na tisa, hapakuwa na sauti nyingine ukumbini ila kiganja chake, na Thatha akikitazama na kuitikia kwa kichwa.

Kisha akapiga. Akaingia kwenye fungu la kufungia, lile linalorudiwa mara tatu, ambalo pigo lake la mwisho lazima liangukie pale pale wimbo unapoanzia. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nilikuwa nimeuma ulimi, nikasikia ladha ya chumvi. Mara ya tatu, na sauti ya mama na ngoma ya mzee zikaanguka mahali pamoja, na watu wakasimama.

Mwishoni waliwavika wanamuziki shali, kama ilivyo desturi yao. Bwana Thumbran akashika kipaza sauti.

"Tumshukuru Mzee Kistensamy kwa miaka arobaini. Ametutumikia vya kutosha. Kuanzia mwakani jukwaa hili tutawaachia vijana, naye apumzike nyumbani kwa heshima."

Watu wakapiga makofi. Thatha, shali mabegani, aliunganisha viganja, akainama huku na huku, akitabasamu kwa furaha ya kweli. Hakuwa amesikia neno. Nilitamani kumrushia yule mwenyekiti kiatu.

Nilipanda jukwaani kumsaidia kuivika ngoma mfuko wake. Akanivuta mkono.

"Thumbran amesema nini?"

Ningeweza kusema amekusifu. Lilikuwa ulimini tayari. Nikapiga magoti mbele yake ili auone mdomo wangu.

"Amekuaga, Thatha. Mwakani hawatakuita."

Alilainisha upindo wa shali kwa kidole gumba. Macho yalimlowa, akayaacha yalowe.

"Nilijua," alisema. Kisha akaniinamia kabisa, karibu. "Na mwisho ule? Mimi na yule mama. Tulifika pamoja? Sikusikia."

"Pamoja," nikasema.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ee?"

"Pamoja, Thatha!" nikapiga kelele, nalia, mpaka Bwana Thumbran na wageni wake wakageuka. "Mlifika pamoja!"