Twiga wa Mlangoni

Kilichomzuia Nthoki kwenda Nairobi kutibiwa macho hakikuwa nauli, wala hakikuwa woga wa kisu cha daktari. Kilikuwa paa. Binti yake Kavutha alikuwa na paa moja tu kule mtaa wa Umoja, na chini ya paa hilo alilala Ndambuki, mumewe. Na kwa Wakamba wa umri wa Nthoki, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Hali mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani, hata kichaka chenyewe kiwe cha miiba mitupu. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na Nthoki alikuwa ameishika tangu siku binti alipoolewa.

Mchungaji wa kijijini kwao Kilungu alimwambia Mungu hahesabu mapaa.

"Mungu hajaoa kwangu," Nthoki akamjibu, akaenda zake akipapasa ua.

Basi mtoto wa jicho akaendelea kunenepa. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kufunga duka, na la kushoto lilikuwa linakunja bidhaa. Asubuhi moja alimsalimia mbuzi akidhani ni jirani, wakaongea vizuri sana. Kavutha alipokuja kumtembelea akamkuta anasonga ugali kwa kupima joto la sufuria na mkono, alikaa chini akalia.

"Mwaitu, mama yangu, daktari ametupa siku ya mwezi wa kumi na moja. Ukiikosa hiyo, mpaka mwakani, na mwakani jicho la kushoto halitakuwepo."

"Nitalala wapi? Juu ya mti?"

Kavutha alirudi Nairobi na swali hilo, akamwekea mumewe mezani pamoja na chai. Ndambuki alikuwa mchongaji wa vinyago kule Gikomba, mtu wa maneno machache, maana siku nzima kinywa chake kilikuwa na vumbi la mbao. Akanywa chai yote kwanza.

"Tutamjengea paa lake," akasema.

Miaka ile Umoja nzima ilikuwa inajengwa na wenyewe. Mtu alipewa nyumba ndogo ya kulipia polepole, na ua mtupu, akaambiwa, haya, panua. Ikifika Jumamosi utadhani mtaa wote ni karakana. Makarani walichanganya simiti na viatu vya ofisi, madereva walipanda juu ya mabati, na wake zao walisimama chini wakishika ngazi na kutoa amri. Fundi hakuitwa. Fundi ni wa watu wasio na Jumamosi.

Ndambuki alipanga mawe yake nyuma ya nyumba, pembeni mwa ua, akihakikisha ukuta wa chumba kipya haugusani na ukuta wa nyumba. Aliacha nafasi ya kupita kuku. Pimamaji aliazima kwa jirani yake Muturi, na mke wa Muturi, Wacera, aliileta mwenyewe apate kuona.

"Baba Matheka, huo ukuta umelewa?" akamwuliza Ndambuki, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Haujalewa. Unakusalimia."

"Basi uambie usiiname sana, usije ukatuzika."

Ukuta ulibomolewa ukajengwa tena, safari hii ukiwa na adabu. Mabati yakapanda. Dirisha likawekwa, dogo, na vyuma vya kuzuia wezi. Kikabaki mlango.

Wengine wote walinunua milango iliyokwisha tengenezwa. Kavutha naye akasema wanunue, siku zinakwenda. Ndambuki akamwangalia kama ametukanwa. "Mchongaji anunue mlango? Kesho utaniambia ninunue na uji."

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo seremala hangelifanya lakini mchongaji lazima alifanye. Mchongaji hupenda mti mbichi. Mti mbichi ni laini kwa tezo, unakatika kama kiazi, na ukimaliza kinyago unakiacha kikauke kivulini polepole. Kinyago kikipinda kidogo, mgeni hununua hivyo hivyo akasema ni sanaa. Mlango ukipinda, hakuna anayesema ni sanaa. Ndambuki alipata jakaranda lililoangushwa upande wa Makadara, bado linatoa maji, akapasua mbao nene, akaunda mlango mzito kama wa benki. Akaufunga kwa bawaba ndefu za juu ya ubao, upande wa ndani, ili mwizi asizifikie. Ukaingia kwenye fremu yake barabara. Akautazama, akaridhika. Upande wa nje jua likaanza kuukausha, na upande wa ndani kivuli kikakataa.

Nthoki alifika, ameshikwa mkono na bintiye, amejitanda leso mpaka puani. Ndambuki alikuwa amejificha Gikomba tangu alfajiri. Bibi alikizunguka chumba kwa viganja: ukuta, kitanda, dirisha, ukuta. Aligonga mabati ya ukingoni kwa vifundo vya vidole akasikiliza. Halafu akafika mlangoni, na ndani ya mlango vidole vyake vikakuta matuta matuta, na kitu kama kamba nene ya mti kinachokwenda mpaka kwenye komeo.

"Randa haikufika hapa," akasema moyoni. Hakusema kwa sauti. Mkwe amekujengea, nawe unahesabu matuta? Lakini alicheka kidogo, maana alikumbuka maneno yake ya siku ya mahari. Wazee walipotaja kazi ya kijana, yeye alisema kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, "Mchonga twiga! Twiga hapikwi, hakamuliwi." Wanawake wote walicheka, na Nthoki alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha.

Wakaishi hivyo. Ndambuki alitoka kabla bibi hajaamka. Jioni alikohoa getini, naye Nthoki akaingia chumbani mwake. Akitaka kwenda msalani, bibi alikohoa, naye mkwe akaingia ndani. Walijuana kwa vikohozi. Na kila asubuhi mkono wa Nthoki ulifuata ile kamba ya mti mpaka kwenye komeo, bila kufikiri, kama mguu unavyojua njia ya kisimani.

Usiku wa kuamkia siku ya daktari mvua ilinyesha kana kwamba imekodiwa. Kulipopambazuka Kavutha akatangulia hospitalini kushika foleni, maana nafasi ya mgonjwa asiyekuwepo humezwa. Wacera angemleta bibi baadaye kidogo. Ndambuki naye alikuwa aende kazini, ila mfereji wa bati ulikuwa umeanguka, akabaki akiufunga kwa waya.

Ndani, Nthoki alivaa, akajitanda, akakohoa. Akavuta komeo, akavuta mlango. Mlango haukuja. Akavuta kwa mikono miwili. Ulikuwa umepinda siku zote hizo kimyakimya, na sasa maji yameuvimbisha, umekaa ndani ya fremu kama jino.

Nje Ndambuki alisikia mtu anavuta. Akakaribia, akakumbuka, akageuka akautazama ukuta wa Muturi. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na kuku.

"Wewe kuku," Ndambuki akasema kwa heshima, "muulize aliyemo ndani kama mlango umekataa."

"Wewe kuku," ikaja sauti ya ndani, "mwambie aliyeko nje kwamba mlango umekataa, na daktari hangoji."

"Kuku, mwambie asogee nisukume."

"Kuku, mwambie kitanda kiko karibu na mlango, na mimi niko katikati, na akisukuma atanitia ukutani niwe picha."

Ndambuki alijaribu kwa bega taratibu. Mlango ulilalamika, haukwenda. Bawaba zilikuwa ndani, vyuma vya dirisha alivitia yeye mwenyewe, na alivitia vizuri. Kijasho kikamtoka. Akaanza, "Wewe kuku..." lakini kuku alikuwa ameona mdudu upande wa pili wa ua, akaenda zake, akawaacha wakwe wawili bila mjumbe.

Nthoki alisikia kucha zikiondoka. Alisimama gizani mwake. Akafikiria mwaka mzima wa kusalimia mbuzi. Halafu akaona jambo ambalo hakuwa ameliona: yeye hamwoni mkwe, na mkwe hamwoni. Katikati kuna ubao mnene. Kichaka gani tena mtu angetaka?

"Mwanangu," akasema, "kuku ameondoka. Niambie nifanye nini."

Nje nyayo zilikimbia, zikarudi. Kisha bisibisi ikapenya chini ya mlango, polepole, kishikio kikitangulia.

"Mama, utazifungua bawaba wewe. Mimi nitakuongoza."

"Mimi? Sioni hata pua yangu."

"Hutahitaji macho. Shika kile kitu kama kamba kinachofika kwenye komeo."

"Nimeshika."

"Hiyo si kamba, mama. Huo ni mkia."

Mkono wa Nthoki ukasita. "Mkia wa nani?"

"Wa twiga," Ndambuki akasema. "Nilimchonga ili mkono wako upate komeo bila kutafuta. Mkia nimeurefusha kuliko wa twiga wenyewe, Mungu atanisamehe. Sasa urudie nyuma mpaka mgongoni. Shuka na mguu wa mbele. Penye kwato ndipo palipo na bawaba ya chini."

Vidole vya Nthoki vikatembea. Yale matuta aliyodhani ni uvivu wa randa yakawa mgongo, yakawa goti, yakawa kwato. Skrubu ya kwanza ilikuwa pale pale penye kwato. Akatia bisibisi, akazungusha.

"Inakaza."

"Upande wa pili, mama."

"Ungesema mapema." Akazungusha. Ikalegea. "Imetoka. Naitia mfukoni, usije ukasema nimekuibia."

Bawaba ya chini ikaachia. Akapanda na shingo, mkono mmoja ukimshika twiga kama mtu anayepanda ngazi, na shingo haikuisha upesi. "Ulimpa shingo ya kutosha," akasema akihema.

"Bawaba ya juu iko pembeni mwa pembe zake. Panda kwenye stuli, lakini polepole."

Alipanda. Skrubu ya mwisho ilipoachia, mlango ulitoa mlio kama mtu aliyekalia mwiba. Ndambuki akamwambia apande kitandani, akausukuma mlango kwa ndani upande wa bawaba, akautingisha, akauchomoa, macho yake ameyafumba kabisa. Kisha akafanya la pekee ambalo mkwe mwenye adabu angeweza kufanya. Aliusimamisha mbele yake, akajificha nyuma yake, akarudi kinyumenyume uani.

Nthoki akatoka. Kwa lile jicho la kushoto aliona kivuli kirefu cha kahawia kikimwachia njia. Alikuwa twiga, na chini yake viatu viwili vyenye tope.

Wacera alikuwa amefika getini. Alitazama mlango unaotembea, akatazama bibi.

"Baba Matheka, huo mlango unaupeleka wapi?"

"Unampisha mama," ukajibu mlango.

"Twende, shosho, kabla nyumba haijatufuata," Wacera akasema, akamshika bibi mkono.

Walifika hospitalini Kavutha akiwa anagombana na nusu ya foleni, nafasi ya mama yake ameishika kwa viwiko. Jina la Nthoki likaitwa, akaingia.

Alirudi Umoja baada ya siku kadhaa, bandeji imetolewa asubuhi hiyo, na miwani minene iliyomfanya aonekane kama bundi aliyeokoka. Aliona bati la mfereji likiwa limefungwa kwa waya. Aliona ukuta wenye adabu, na ile nafasi ya kupita kuku. Mlango ulikuwa umepigwa randa pembeni na kurudishwa. Kavutha alimpa supu na kipande kikubwa cha nyama, akala chote, halafu akaomba aachwe peke yake.

Aliufunga mlango, akasimama mbele yake. Twiga alikuwa na kope. Mtu alikuwa amekaa na patasi akamchongea twiga kope, upande wa ndani, mahali ambapo bibi kipofu peke yake ndiye angelala. Nthoki alimtazama mpaka miwani ikapata ukungu, akaipangusa kwa leso, akamtazama tena.

Jioni kikohozi kikasikika getini. Nthoki akavuta stuli, akaikalia, mgongo ukiuegemea mlango.

"Wewe kuku," akaanza.

Nyayo zilisimama uani. Kisha sauti ya mchongaji, kwa haya: "Mama, kuku ndiye uliyemla mchana."

Nthoki alilifikiria hilo. "Nilijua ladha ile naifahamu," akasema. "Basi nitajisemea. Paa lako halivuji, mwanangu. Na nimemwona twiga. Siku ile ya mahari nilisema neno juu yake."

"Nilisikia, mama. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa udongo."

"Ulisikia, na bado ukanijengea."

"Ulisema kweli. Hapikwi."

Bibi akacheka mpaka stuli ikalia, na upande wa pili wa ubao mtu mwingine naye akacheka, taratibu, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Nthoki alingoja mpaka wote wawili wamalize.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nimekuwa naona tangu asubuhi, na kila ninachokiona nakushukuru wewe kwanza, daktari baadaye."

Ndambuki alikohoa. Kisha akakimbilia maneno ya kazi. "Jumamosi nitakuletea mlango mwingine, wa mbao kavu. Huu utakwama tena."

"Ukiugusa huu, nahamia kwa Wacera."

"Lakini mvua haijaisha, mama."

"Ndiyo nasema." Nthoki alichukua ile bisibisi, akaifunga uzi, akaitundika shingoni mwa twiga. "Bisibisi inabaki huku ndani. Mvua ikinyesha tena, tutazungumza."