Biskuti Hakujua Kuwa Ni Biskuti

Kama umesikia kilichotokea kwa kina mama wa kwaya hapa Kashai, tafadhali usiwasikilize wengine. Nisikilize mimi. Mbwa ni wangu, na mdomo uliopiga kelele ni wangu.

Ilianza hivi. Nilikuwa nataka mbwa wa kukaa naye. Si wa kulinda, wa kukaa naye tu, maana toka nimalize chuo nimepanga chumba peke yangu na nilishaanza kuongea na jiko. Nikasoma mtandaoni mpaka bando likakata. Wanasema usichukue anayekurukia, usichukue anayejificha. Chukua anayekuja taratibu, anakunusa, halafu anasubiri kuona wewe ni mtu wa namna gani.

Basi nikaenda Muleba kwa Mzee Mwijage, mkulima wa kahawa, alikuwa anahamia Mwanza kwa mwanae na mbwa hana wa kumwachia. Jamani, mbwa akanijia taratibu kama mzee wa kanisa anayepitisha kikapu cha sadaka! Rangi ya biskuti kabisa. Nikapenda palepale.

"Anaitwa nani, mzee?"

"Bagambe."

Sasa, Kihaya nakijua. Bagambe ni "waseme," yaani waache waseme. Nikaelewa mzee ananiambia watu wamwite wanavyotaka wenyewe. Nikamshukuru kwa Kihaya, kasinge waitu, nikaondoka na Biskuti wangu.

Kumfundisha sasa! Nilifuata kila kitu. Neno moja, sauti ya upole, akifanya vizuri umpe dagaa hapohapo. "Biskuti, kaa!" Ananitazama kama naita mtu wa nyuma yake. "Biskuti, njoo!" Anaenda zake kunusa ndala za watu. Adabu anazo, hang'ati, habweki ovyo, ila kuitika, hata! Siku moja nilimwita uani kwa nguvu, wapangaji wawili wakatoka na vikombe vya chai.

Mama Kokubanza, mwenye nyumba wangu, akanisimamisha bombani.

"Mwana wange, mbwa asiyesikia ni fisi aliyevaa mkanda. Jumapili kina mama wa kwaya wanakula hapa kwangu. Akigusa sahani moja tu, Jumatatu arudi Muleba."

Arudi kwa nani? Mzee si ameshahama? Nilimwona Biskuti wangu anazurura stendi, anakonda. Jumamosi nikapiga simu Mwanza.

"Mzee, mbwa wako haitiki!"

"Unamwitaje?"

"Biskuti."

Kikohozi. Halafu kicheko kirefu. "Mwanangu, si nilikuambia anaitwa Bagambe? Ndugu zangu walinisema sana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mimi kugombana siwezi. Nikachukua mbwa. Kila asubuhi nasimama mpakani: Bagambe! Wao wanasikia, mimi nimeita mbwa wangu."

"Na ukimwita anafanyaje?"

"Anaacha alichokuwa anafanya, anakaa, anakutazama."

Nikafunga mlango, nikamnong'oneza. Bagambe. Pu! Akakaa. Nilitaka kulia. Dagaa zote zile!

Lakini ona balaa. Mama Kokubanza mwenyewe alikuwa midomoni mwa watu. Sikukuu ya mavuno alipeleka kanisani mkungu wa ndizi mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu, akasema umetoka shambani kwake Kitendaguro. Watu wakasema umetoka sokoni. Sasa mimi nisimame uani kwake, mbele ya wageni wake, nipige kelele "waache waseme"? Si atajua namsuta? Mbwa anaondoka na mimi naondoka nyuma yake! Nikaamua nitamfunga kamba, ikibidi nimnong'oneze.

Jumapili kamba nikafunga vizuri, mimi nadhani vizuri. Kina mama wamekaa mkekani, ndizi na samaki zinatoa moshi, mimi nanawisha mikono. Mama Judica, soprano na jirani wa nyuma ya ua, akaonja.

"Ndizi tamu, dada. Na hizi za Kitendaguro? Maana watu wanasema ule mkungu wa mavuno..."

Akaiachia hapo, unajua wanavyoachiaga. Uani pakawa kimya mpaka nikasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Katika kimya hicho ndipo nikamwona Biskuti, hana kamba, anakwenda taratibu, kikanisa kabisa, kwenye bakuli la senene karibu na goti la Mama Judica.

"Biskuti!" nikanong'ona. Wapi. Nikanong'ona lile jina lenyewe. Yuko mbali, hasikii. Pua ikafika ukingoni mwa bakuli. Nikaona stendi, nikaona anakonda.

"BAGAMBEEE!"

Pu. Akakaa. Na Mama Judica, aliyekuwa ameanza kuinuka kufuata chumvi, akakaa naye.

Wote wakanitazama. Mama Kokubanza akaweka kijiko chini. Kichwani nilishaanza kufunga mizigo. Akamgeukia Mama Judica polepole.

"Umesikia? Hata mpangaji wangu amechoka na maneno yenu."

Jamani, vicheko! Wa sauti ya tatu alipaliwa na senene.

"Mama, hapana, lile ni jina la..."

"Nyamaza, mwana wange. Umesema vizuri, usiharibu. Mpe mbwa samaki."

Jioni nikamweleza yote, Muleba, mpaka wa shamba, na Mzee Mwijage. Akanirudisha sehemu ya mzee kusimama mpakani, akaisikiliza tena amefumba macho.

Basi mbwa haendi popote. Kila asubuhi Mama Kokubanza anasimama uani, uso kwa nyumba ya Mama Judica, anaita "Bagambe!" Mbwa mwenyewe amelala juu ya miguu yake. Nilimfundisha kwamba akitii apewe zawadi, basi anampa maini. Sasa hivi Biskuti ni mnene, akikaa anakaa kwa awamu.

Ila hii ya jana usimwambie mtu. Nimesimama getini na mbwa, bodaboda ikasimama, imetoka upande wa sokoni. Mama Kokubanza akashuka. Nyuma, umefungwa kwa mpira, mkungu mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu.

Akanitazama. Nikamtazama. Nikafungua mdomo.

"Bagambe," akasema, taratibu kabisa.

Mbwa akakaa. Nami nikafunga mdomo, nikampokea mkungu.