Pete ya Buluu Kwenye Mrija wa Kumi na Tisa

Mrija wa kumi na tisa haukutakiwa kuwa na pete.

Ile mingine kumi na minane, sawa. Hayo yalikuwa maziwa ya mashamba ya watu, na kazi ya maabara ilikuwa kujua ng'ombe wa nani ana brusela, homa ya mifugo inayoingia kwa watu kupitia maziwa mabichi, na wa nani hana. Lakini wa kumi na tisa ulikuwa pale kama shahidi tu: maziwa ya ng'ombe mzima, yanayopimwa pamoja na mengine kila siku ili kipimo kikianza kudanganya kijulikane. Unadondoshea dawa ya buluu, unatikisa kwa upole, unaweka kwenye kabati la joto kwa saa nzima. Maziwa yakiwa hayana neno, yanabaki na ubuluu wao mwili mzima. Yakiwa na neno, rangi inapanda juu na malai, inajifunga pete, na chini yanabaki meupe kama hayajawahi kukutana na dawa.

Profesa alifungua kabati la joto huku akiimba. Akaacha kuimba.

Hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa msaidizi wa maabara mwenye cheti kimoja na mdomo wa watu saba. Jina alipewa na Daktari, mkuu wa utafiti, wiki yake ya kwanza kazini, baada ya kumsikia akimweleza mgeni habari za hilo kabati kwa dakika kumi bila kupatia hata jambo moja.

"Daktari!" aliita. "Njoo uone, kipimo kimelewa."

Daktari alikuja akifuta miwani kwa pindo la koti. Aliinua mrija hadi kwenye mwanga wa dirisha, akautazama, akaurudisha, akauinua tena.

"Haya ya shahidi umeyatoa wapi? Si nilikwambia friji ilizimika jana, yote yameharibika, tungoje mengine?"

Profesa alijikuna shingo. "Nilitumia ya... ya chai."

"Chai ipi?"

"Chai yetu. Chupa ya mama."

Kila asubuhi mama yake alimfungia chupa ya maziwa ya Mheshimiwa, ng'ombe wao wa pekee, aliyepewa jina hilo kwa sababu hasimami mpaka asalimiwe. Maabara nzima ilikuwa inakunywa chai ya Mheshimiwa. Kwa hiyo mchana ule Profesa alipokosa maziwa ya shahidi, aliitazama chupa, chupa ikamtazama, akasema moyoni: Mheshimiwa ni mzima, nani asiyejua?

Daktari aligeuka taratibu akaitazama sufuria kwenye jiko dogo la pembeni. "Huwa mnayachemsha?"

"Mpaka yafurike. Jiko lenyewe si unaliona lilivyo?"

"Basi sisi hatuna shida." Alivaa miwani. "Na nyumbani kwenu?"

Profesa aliacha kujikuna.

Nyumbani kulikuwa na dada yake mkubwa, mjamzito wa miezi saba, aliyekuja kwa mama kupumzika tangu miezi miwili iliyopita. Dada hakuweza kuvumilia harufu ya maziwa yaliyochemshwa. Yakimpitia puani tu, anakimbilia uani kutapika. Kwa hiyo kila jioni alikunywa bilauri moja mabichi, yenye povu, yakiwa bado na joto la kiwele. Siku ya kwanza alikuwa amemuuliza kabisa: "Dogo, wewe ndiye wa vijidudu. Haya nayanywa hivihivi?"

Naye, bila kuinua macho kwenye simu, alimjibu: "Kunywa dada. Huyu kapimwa na mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa yeye. Na mtaalamu hakupima.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mama alimbembeleza ampime Mheshimiwa. Profesa alichukua damu vizuri, akaweka kichupa kwenye mfuko wa koti la mvua, akasahau koti nyuma ya mlango Ijumaa hadi Jumatatu. Alipokitoa, damu ilikuwa inanuka. Kurudi kumchoma Mheshimiwa mara ya pili aliona aibu, na uvivu, na aibu tena. Mama alipouliza majibu, alisema: "Safi kama maji ya mvua." Mama alicheka, akautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe wa maabara kapima.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo. Mheshimiwa hukamuliwa saa kumi na moja kasoro.

Alipiga simu. Ya mama iliita hadi ikachoka. Alijua iko kwenye bakuli juu ya kabati, inakokaa siku zote. Akampigia dada.

"Dada, leo usinywe maziwa. Yana ugonjwa. Nakuomba."

Upande wa pili kikaja kicheko. "Leo umeanza mapema! Juzi ulinipigia ukasema hospitali wameona mapacha watatu, nikalia mpaka mama akalia. Nitafute nikishajifungua."

"Dada, safari hii sitanii..."

"Na juzi ulisema hivyohivyo." Simu ikakatika. Alipiga tena, alikuwa ameizima.

Profesa alisimama na simu mkononi.

Daktari alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Mrija mmoja wa maziwa si hukumu," alisema. "Kipimo hiki hukosea. Tutahitaji damu. Lakini kumzuia mtu asinywe hakuhitaji kungoja damu. Vua glavu, nawa, twende."

Walimkuta dada uani, ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, bilauri juu ya tumbo kama tumbo ni meza. Ilikuwa imebaki nusu. Juu ya mdomo alikuwa na masharubu ya povu. Mama alikuwa bado amechuchumaa ubavuni mwa Mheshimiwa na ndoo kati ya magoti.

"Haa!" dada alipiga kofi. "Leo kaja na shahidi! Daktari, karibu, samahani kwa huyu mtoto. Kakuambia nini?"

Profesa alimpokonya bilauri. Maziwa yakamwagika kwenye kanga yake.

"We!" mama aliinuka. "Una wazimu? Baba, nini tena hiki?" Mama alimwita baba kwa sababu alirithi jina la babu, na leo neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

"Mama, Mheshimiwa ana brusela. Labda. Nimeona kwenye kipimo."

"Si ulimpima wewe mwenyewe mwaka jana?" Mama alikuwa bado anacheka nusu, macho yanatafuta mahali utani ulipojificha. "Ulisema safi kama..."

"Sikumpima."

Mheshimiwa alitafuna.

"Rudia," alisema dada. Hakuwa anacheka tena.

"Damu iliniharibikia. Nikaona aibu kusema. Sikumpima, dada. Nilidanganya."

Dada alijifuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akajifuta tena kwa nguvu kana kwamba angeweza kuyafuta ya miezi miwili. "Yale mahoma yangu ya jioni," alisema polepole. "Yale niliyopimwa malaria mara mbili wakasema sina. Nikaambiwa ni uchovu wa mimba. Nikazidisha maziwa, nipate nguvu." Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo, umetanda, vidole wazi. "Na mtoto je?"

Profesa alifungua mdomo. Daktari akamwahi.

"Ugonjwa huu unatibika, na wajawazito wana dawa zao. Ila kweli unaweza kuidhuru mimba, kwa hiyo hatupotezi muda. Twende hospitali sasa hivi." Kisha akamgeukia mama, na sauti ikashuka. "Mama, huyu ng'ombe amewahi kutupa mimba?"

Mama aligeuka. Alimtazama mwanawe.

"Si nilikwambia?" alisema. "Miezi minne iliyopita. Ndama alitoka kabla ya siku zake, amekufa. Nilikupigia, ukawa huko unakozunguka kuchukua damu za ng'ombe wa watu."

Alikumbuka. Alikumbuka hata alipokuwa amesimama, kwenye zizi la mtu asiyemjua, sindano mkononi. Mama alisema Mheshimiwa ametupa ndama, naye akasema, "Basi Mheshimiwa kajiuzulu," wenzake wote wakaangua kicheko, akakata simu akiwa amefurahi. Kutupa mimba ni dalili ya kwanza kwenye karatasi ya utafiti wao. Ameiandika yeye, kwa herufi kubwa.

"Na kondo la nyuma," Daktari aliuliza, "lilitoka lenyewe?"

"Lilikwama. Nikalitoa."

"Kwa glavu?"

"Glavu gani, mwanangu? Kwa hii hapa." Mama aliinyoosha mikono yake miwili, bado na unyevu wa maziwa, na kwenye kidole gumba alama ya mkato wa zamani wa kisu.

"Mama," alisema Daktari kwa upole, "homa hii kwa watu hupenda mgongo. Wako unakusumbua siku hizi?"

Mkono wa mama ulikuwa umeshafika kiunoni kabla yeye mwenyewe hajajua umeondoka. Aliuona hapo ulipo. Watu wote wanne waliuona.

Hospitali walichukua damu ya dada na ya mama. Siku ya tatu majibu yakatoka: dada anayo, mama anayo. Muuguzi alimlaza dada, akampitishia kifaa tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika ukienda mbio kama farasi aliyechelewa. Dada alilia kwa sauti. Walipewa dawa za wiki sita kila mmoja, na dada akaambiwa aje kila wiki, maana hakuna aliyeweza kumwahidi kitu mpaka siku ya kujifungua. Profesa aliposogea kitandani akiwa na jambo mdomoni, dada aliinua kidole.

"Usinichekeshe. Bado."

Jumamosi mama alimshika Mheshimiwa kamba mwenyewe, Profesa akachukua damu akiwa na glavu hadi viwikoni. Alipoelekea kuitia mfukoni, mama alisema, "Mkononi." Akaibeba mkononi njia nzima, kichupa kikionekana, mama akitembea nyuma yake hatua mbili.

Maabara mama alikaa kwenye stuli, mkoba magotini. Profesa alidondosha tone la maji ya manjano yaliyojitenga na damu kwenye kigae cheupe, akaongeza tone la dawa ya rangi ya waridi, akachanganya, akaanza kukitikisa kigae. Kwa kawaida dakika hizo nne huwa anasimulia vituko. Leo alihesabu.

Dakika ya pili, ule uwaridi ulianza kukatika punjepunje, kama maziwa yaliyochacha.

"Ndiyo yenyewe?" mama aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, mama."

Mama alikitazama kigae kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya msiba kuhakikisha jina.

"Na mwaka jana," alisema, "kama ungepima. Ingekuwa hivi? Au ilikuwa bado?"

Profesa aliendelea kutikisa kigae ingawa dakika zilikuwa zimekwisha.

"Sijui, mama," alisema. "Hakuna namna ya kujua tena."