Uzito wa Mkaja

Ndani ya choo cha uwanja wa ndege wa Tanga, Bi Hamdiya alipandisha baibui lake akaanza kujizungushia mkaja kiunoni, tabaka juu ya tabaka, kama mwanamke aliyetoka uzazi. Aliyetoka uzazi ni bintiye, Malak, huko Mwanza, ugenini, mumewe safarini, hana wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumfunga tumbo. Kwao Pangani mzazi haachwi hivyo. Ndiyo maana Bi Hamdiya, anayeogopa hata kivuko cha mtoni, akakata tiketi ya kampuni mpya ya ndege za bei nafuu.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba tiketi ni ya mtu na furushi lake, kama kivukoni. Mzani wa kaunta ulikataa. Mafuta ya nazi yakabaki. Mkaja nao ulizidisha uzito: kitambaa kirefu cha marekani kilichomfunga mama yake, kikaja kumfunga yeye. Kuulipia kulikuwa ghali kuliko nauli yenyewe, naye hakuwa na pesa hizo. Akaomba kwenda chooni.

Aliporudi kwenye foleni, mchuuzi wa machungwa wa Muheza aitwaye Sele alimtazama juu hadi chini.

"Bi mkubwa, kumbe choo cha hapa kinanenepesha?"

Watu wakacheka. Msichana wa kaunta, Leticia kwa jina lililobandikwa kifuani, hakucheka. Alimwita pembeni, ingawa pembeni penyewe palikuwa mbele ya macho yale yale, akamwambia avue alichoficha ama asisafiri.

Bi Hamdiya akaufungua mkaja. Kitu kinachofungwa chumbani, wanawake kwa wanawake, kikawa kinashuka mbele ya kadamnasi, na kikaendelea kushuka. Hakuna aliyegeuza uso. Sele, labda kwa kuona haya, alianza kueleza kwamba bila ndege hizi yeye angekuwa bado anajikung'uta vumbi la basi. Anayetaka kubembelezwa na alipe zaidi. Hakusema kwa ubaya.

Tena alisema kweli. Bila nauli ile, mjukuu angeonekana kwa picha za simu tu. Tangu asubuhi Bi Hamdiya alikuwa akijituliza kwamba aliyelipa kidogo na aseme kidogo. Lakini sasa, mkaja ukiwa umelundikana miguuni pake, neno lilimjia mdomoni: alipunguziwa nauli, ndiyo, lakini hakukumbuka kukubali kupunguzwa yeye.

Aliinua uso alitoe. Ndipo akaona shati la sare lilivyomkaza Leticia tumboni, na viatu vilivyokanyagwa visigino kwa miguu kuvimba.

"Na wewe wanakulipa kwa bei nafuu, mwanangu?"

Leticia aliutazama mzani. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba mzigo ukipita bila malipo, hukatwa yeye. Kwao ni Bukoba. Mama yake alikwisha fariki, na hapa Tanga hana ndugu.

"Atakufunga tumbo nani?"

"Kufunga vipi, mama?"

Bi Hamdiya aliinama, akaukunja mkaja taratibu. Alisita, maana alijua ni nani aliyeahidiwa. Kisha akamweleza: baada ya kujifungua, kiuno hurudi kwa kufungwa na mikono ya mtu mzima.

"Mwendee mwanamke yeyote wa makamo mtaani kwenu. Mwambie mkaja umepewa na Hamdiya wa Pangani. Hatakufukuza."

Leticia aliupokea kwa mikono miwili. Lakini foleni ilikuwa ikimtazama, naye akauweka chini ya kaunta, pamoja na chupa na vikorokoro vilivyozuiliwa, akaita, "Anayefuata."

Ndani ya ndege hakuna aliyemwitikia salamu. Kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu. Na cha mbele yake pia. Simu ikalia.

"Mama, umepanda? Mkaja umeuchukua?"

Nyuma ya sauti ya Malak kichanga kilikuwa kikilia, kilio chembamba ambacho Bi Hamdiya alikuwa hajapata kukisikia.

"Nakuja, mwanangu. Nakuja mimi."

"Lakini mkaja je?"

Mhudumu wa ndege alikuwa amekwisha simama kando yake, akimwonyesha kwa kidole aizime. Bi Hamdiya aliisogeza simu karibu zaidi na sikio, akasikiliza mtoto anavyovuta pumzi ili aanze upya.