Mzuka wa Ogola

Ogola alikuwa ametengeneza filamu mbili za kutisha, na Nakuru ilikuwa imecheka mara mbili. Jamani, mtu afanye nini? Katika ya kwanza mzuka alikuwa Nyakio, muuza viazi wa sokoni, amepakwa unga uso mzima. Alipochomoza tu kaburini, ukumbi ukalipuka: "Nyakio! Leo hufungui kibanda?" Katika ya pili akamchukua Kipkemei, mtu wa Olkaria asiyejulikana mjini. Kipkemei akabisha dirishani mvua ikinyesha, meno nje, na akina mama wakaanza kumgombeza mwenye nyumba wa kwenye filamu: "Si umfungulie mgeni, ananyeshewa!"

Aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Mama Wachuka, aliyempangisha Ogola chumba pale Bondeni. Alicheka wiki nzima, hata akifua.

"Hii ya tatu ndiyo ya mwisho," alisema Saad, mwenye studio ya picha na mwenye kamera. "Wakicheka tena, kamera inarudi kabatini, na wewe urudi Kisumu ukabebe mizigo relini."

Ogola alisaga meno. Sinema ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitaka maishani. Kwa hasira akanyakua gunia tupu la mahindi, akalitoboa matundu mawili ya macho, akamvika Kipkemei kichwani.

"Usifanye chochote!" alifoka. "Pita mbele ya watu polepole, simama, nyoosha kidole. Tuone kama hilo nalo watalicheka!"

Jumamosi mchana walifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Mama Wachuka alikaa benchi la mbele, ameshaanza kucheka kabla mashine haijawashwa, na Ogola akatamani kumtupia kiatu.

Kwenye kitambaa cheupe cha sinema, wanakijiji wa filamu walisimama mstari. Mzuka wa gunia akatokea, akapita mbele yao mmoja mmoja, akasimama, akanyoosha kidole.

Ukumbi ukawa kimya. Hakuna aliyekohoa.

"Umewaweza!" Saad alimnong'oneza, akimpiga mgongoni. "Kamera ni yako. Tengeneza nyingine kama hii!"

Ogola alifurahi, kisha akaudhika. Mbona hawapigi mayowe, watu hawa? Hata kuogopa hawajui? Akaenda mbele kumtazama Mama Wachuka. Alikuwa ameshuka kwenye benchi, amechuchumaa sakafuni, mikono kichwani. Watu wote wa benchi lake walikuwa wamechuchumaa vivyo hivyo.

"Mama, ni Kipkemei tu. Ni gunia la mahindi."

"Usinisemeshe, watatuona," alijibu bila kuinua macho. "Askari wa mkoloni walitupanga hivi uwanjani, wakiwasaka Mau Mau. Mtu wa gunia akamnyooshea kidole mume wangu, wakambakiza. Hajarudi mpaka leo."

Ogola hakuwa Nakuru miaka ile. Alikimbia akazima mashine, akayang'oa mablanketi, jua likajaa ukumbini. Akawaambia filamu imekwisha, tafadhali waende nyumbani.

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wakingoja kuambiwa nani abaki.