Mota Mpya ya Baba Ngendo

Watu wengine wakisikia una mgonjwa nyumbani huleta unga na sukari. Marafiki wa mume wangu huleta bearingi.

Sisemi kwa ubaya. Khadar, anayeuza ng'ombe na mbuzi kule Nanyuki, na Mwai, mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Gatitu, wamekuwa wakikutana na Gicheru wangu kila Jumapili kwa miaka mingi kwenye kiwanja cha udongo wa murram kule Naro Moru, kushindanisha vigari vya rimoti. Watu wazima, wana ndevu. Na katika kundi lao, pole haisemwi kwa mdomo. Mwai alipofiwa na mama yake, wenzake walichukua kigari chake wakakifunga shoki za chuma za kuzuia mtikisiko. Khadar alipooa, alipata magurudumu mapya. Ukipatwa na jambo lolote, la furaha au la msiba, kigari chako kitaondoka nyumbani na kurudi kikiwa kimeongezwa kitu. Hiyo ndiyo desturi yao, na hawana nyingine.

Kwa hiyo Gicheru alipopatwa na kiharusi, nilijua watakuja tu.

Kiharusi kilimshika upande wa kushoto. Maneno alibaki nayo yote, hata yale ambayo ningefurahi kama yangepotea. Mguu ulirudi nusu. Mkono ndio uliokataa. Lori la maziwa alilokuwa akiendesha kutoka Tetu likapewa mtu mwingine, nami nikabaki na kibanda cha mboga, ng'ombe wawili, na mwanamume wa kuvishwa soksi. Binti yetu Ngendo yuko Nairobi, hupiga simu. Nimechoka. Hilo naliweka hapa mapema ili nisilirudie kila baada ya sentensi mbili.

Daktari wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kufinya. Akautupa chini ya kochi, ati yeye si mtoto. Lakini rimoti ya kigari ina umbo la bastola: mkono wa kushoto unaishika na kidole kinavuta triga ili gari liende, na mkono wa kulia unazungusha usukani mdogo ubavuni. Siku moja nikamfunga rimoti kwenye kiganja cha kushoto kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikamwambia avute. Kidole kikacheza. Kigari kikasogea kikagonga mguu wa meza. Kuanzia hapo akawa anavuta kila siku baada ya chai, na daktari alipokikagua kile kidole alisema ndicho tumaini la mkono mzima. Kikiacha kazi, mkono utajikunja na kubaki hivyo.

Mimi ndimi niliyekuwa mikono yake. Yeye anakaa anaamuru, mimi nafungua. Nilijifunza kupangusa vumbi kwenye mota kwa mswaki wa zamani, kutia mafuta kwenye shoki, na kuweka kipande cha karatasi kati ya gia mbili kabla ya kukaza skrubu ili zisibanane. "Si hiyo bisibisi," angesema. "Hiyo itakula kichwa ya skrubu." Kuna siku nilitamani bisibisi hiyo ikile kichwa kingine, chake yeye. Lakini mota yake ilikuwa ya zamani, ya brashi, nzito kuamka, na kwa kidole kinachojua kuvuta yote au kuachia yote, bila katikati, uzee wa mota hiyo ndio uliokuwa unatuokoa.

Wakaja, basi, wakakinyanyua kigari. "Shemeji, tunabeba hii kitu kidogo tu," Khadar aliniambia. "Tunaifanyia service."

Walikirudisha Jumamosi, kimeng'arishwa, na nyuso zao zinang'aa kukizidi. "Brushless!" Mwai akatangaza kabla hata ya kusalimu. "Baba Ngendo, mota mpya, haina brashi! Hii sasa si gari, ni ndege. Na betri tumebadilisha."

"Wallahi, Nanyuki mzima hakuna mtu ako na hii," Khadar akasema.

Gicheru alilia. Tangu arudi kutoka hospitali machozi yake yako karibu, lakini haya yalikuwa ya shukrani, na nikafurahi pamoja naye. Nikamfunga tyubu. Akavuta.

Kigari kilitoka barazani na kufika kwenye saruji ya tangi la maji kabla sijafunga mdomo. Mkono wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ukakatika. Wakacheka. Mwai, ambaye hutembea na vipuri mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso, akafunga mwingine palepale. "Kidogo tu, mzee. Guza kidogo tu," akasema, akikiangalia kile kidole kana kwamba kina masikio. Gicheru akavuta tena. Safari hii kilipiga ukuta wa zizi, mkono ukakatika tena, na hakuna aliyecheka.

"Nifungue," akaniambia.

Nikamfungua. Akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauingiza kwenye mfuko wa jaketi. "Uzeni hiyo kitu," akawaambia rafiki zake. Waliondoka bila kunywa chai, wakaacha kigari na kipuri kingine juu ya meza.

Ikafuata wiki mbaya. Alikaa mbele ya televisheni bila kuitazama. Chai ilipoa. Mkono haukutoka mfukoni, na nilipomwogesha niliona vidole vimeanza kuingia kwenye kiganja. Nilivinyoosha kimoja kimoja, navyo vikarudi. Niliogopa. Nilikuwa na hasira pia, maana mambo mawili hayo kwangu hutembea pamoja.

Nikaamua kukitengeneza kigari mwenyewe, mbele yake, ili nimchokoze. Nikaufunga mkono mpya wa mbele juu chini, si kwa makusudi, na gurudumu likatazama mbinguni. Gicheru aliona. Nilimwona akiona. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kushika bisibisi mbele yake bila kusahihishwa, naye akageuza uso akatazama tangazo la sabuni. Hapo ndipo nilipojua tunampoteza.

Nikatoka nje nikampigia Khadar. "Mlimletea gari ya mtu mwenye mikono miwili," nikamwambia.

"Shemeji, tulidhani atafurahi. Hiyo ndiyo mota kila mtu anataka."

"Si mtoe, basi! Mrudishe ile ya zamani!"

"Turudishe nyuma?" Alisema kana kwamba nilimwomba achinje ng'ombe wa maziwa. "Kuna njia ingine. Hapo juu ya rimoti kuna switchi. Sisi huiziba na solotepu ndio isiguswe. Ukiiteremsha, gari inaenda nusu. Lakini hiyo ni ya watoto, shemeji. Mimi siwezi kumwambia Gicheru aweke ya watoto. Mwambie wewe."

Mwambie wewe. Kila jambo gumu katika nyumba hii huishia kwenye maneno hayo mawili.

Niliingia nikamwekea rimoti mapajani. "Baba Ngendo, hapo juu kuna switchi."

"Najua."

"Inapunguza mwendo."

"Najua. Hiyo ni ya watoto."

"Na hizo soksi ninazokuvisha ni za nani?" nikasema. Halafu nikamwita Gicheru, jina ambalo simwiti. "Gicheru, nimechoka. Nikilala nimechoka na nikiamka nimechoka. Hao rafiki zako wanakupenda na wanaogopa kukwambia ukweli, kwa hiyo wameniachia mimi. Haya, ndio huu. Wewe sasa ni mtu wa polepole. Mkono ni wako. Ukitaka ujikunje, acha ujikunje. Mimi sitaubembeleza tena."

Sikuwa nimepanga kusema hayo, lakini nilimaanisha kila neno. Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya baraza. Ng'ombe walikuwa wananiita, na miguu yangu ikakataa kwenda.

Muda ukapita. Kisha nikamsikia akijikokota kwa fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha barazani nyuma yangu. "Hiyo mkono ya mbele umeweka juu chini," akasema.

"Nimeona."

"Igeuze. Halafu unifunge."

Niligeuza mkono wa mbele, nikamfunga tyubu, nikarudi kwenye ngazi. Sikumsaidia na ile solotepu. Aliikwangua kwa ukucha wa mkono wa kulia, ikakataa, akatukana kwa Kikikuyu, akaikwangua tena mpaka ikatoka. Akaiteremsha switchi mwenyewe, akavuta.

Kigari kiliondoka kwa mwendo wa ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Kuku hawakujisumbua hata kukipisha. Kilizunguka tangi, kikarudi, na kila mara kidole kilipolegea kikasimama, na kila mara kidole kilipovuta kikaondoka. Niligeuka kumtazama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na uso wake ulikuwa umejaa haya.

"Ni aibu," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. Sikuwa na nguvu ya kumdanganya.

"Khadar akiona hii atacheka."

"Acheke."

Akavuta tena. Alizunguka tangi, akazunguka zizi, akakirudisha hadi miguuni pangu na kukipeleka tena, bila kuniuliza kitu, bila kuniagiza kitu. Nami nikalia pale kwenye ngazi. Si kwa furaha, mtu asinisingizie. Ni kwamba nilikuwa nimekaa, na hakuna mtu aliyenihitaji.