Msalaba Juu ya Kadi

Kompyuta ya kampuni ilikaa katika chumba chenye baridi. Kila jioni Adèle, akitoka kufundisha shule ya msingi kule mtaa wa Mangobo, aliingia humo kama anayeingia mtoni na nguo zake. Mashine ilivuma polepole. Wanafunzi wa jioni, waliokuja kujifunza kuandika programu, walinong'ona mbele yake kama watu walio mbele ya tabernakulo.

Jioni hiyo ilikuwa ya mwisho ya mafunzo. Mwanafunzi ambaye programu yake haingepita kabla ya umeme kukatwa, kama ulivyokatwa kila usiku, hangepata cheti.

Programu ilikuwa bunda la kadi ngumu zilizotobolewa matundu, kila kadi na amri yake. Desturi ya wanaprogramu ilikuwa kuchora mstari mmoja wa mshazari juu ya kingo za bunda, ili kadi zikianguka, alama ya kila moja ionyeshe mahali pake. Adèle alisali kwanza, kisha akachora mistari miwili ya mshazari iliyokatana. Msalaba.

Wenceslas, fundi mkuu, hakuuona. Yeye alipenda Fortran, lugha ya kompyuta fupi na kavu. COBOL ya Adèle ilimchekesha siku zote.

"Citoyenne, hii luga yako iko na maneno mingi kama litania," alizoea kumwambia, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza. Hata kazi ya programu ile ilimchekesha: kutafuta tarehe za Pasaka za miaka ijayo. Alisema kazi hiyo wangeachiwa mapadri waifanye.

Karibu na mashine ya kusomea kadi, bunda likamponyoka Adèle. Kadi zikatawanyika sakafuni, taratibu, kama majani juu ya maji.

Walijaribu kuzipanga kwa alama. Lakini mistari ilikuwa miwili: kadi ya karibu na mwanzo ilikuwa na alama zilezile za kadi ya karibu na mwisho. Karibu kila kadi ilikuwa na pacha wake. Adèle alipiga magoti katikati yao, akatafuta sala, asiipate.

Wenceslas alitazama saa. Kisha akaketi sakafuni.

"Bon. Soma kwa sauti," alisema. "Luga yako inasomeka. Yangu, hapana."

Adèle akasoma pacha kwa pacha. Wenceslas alijibu kila mara, hii mbele, hii nyuma, na sauti zao zikaanza kupokezana kama watu wanaosali rozari. Mvua ilishuka juu ya bati. Adèle hakujua tena kama anasoma au anasali, wala kama mvumo ule ni wa mvua au wa mashine.

Kadi zikaingia. Kisha mashine ya kuchapa ikaanza kutoa miaka, mmoja baada ya mwingine, miaka ambayo hakuna mtu chumbani aliyekwisha kuiishi, na katika kila mmoja Jumapili moja ilikuwa inasubiri.

"Mama Adèle," alisema Wenceslas. Adèle lilikuwa jina lake la ubatizo, ambalo serikali ililikataza pamoja na majina mengine ya Kikristo, na ambalo pale kazini halikutamkwa. "Angalia huu mwaka. Pasaka itaanguka siku ileile mutoto wangu alizaliwa."

Umeme ukakatika. Kidole cha Wenceslas kilibaki palepale juu ya karatasi.